Gari Lililokufa Lilikuwa la Moto

Nililikuta gari la kaka yangu nje ya geti la kiwanda, linanguruma lenyewe.

Milango imefungwa. Ndani hakuna mtu. Ufunguo haupo.

Na hilo gari, jamani, lilikuwa limekufa. Mwenyewe aliniambia hivyo asubuhi ileile, kwa mdomo wake.

Ngoja nianze pale panapoeleweka.

Mimi ni fundi cherehani. Mama yangu ana miguu mibovu, na kliniki nampeleka mimi. Foleni nasimama mimi, dawa nafuata mimi, kumbeba mpaka chooni ni mimi. Kaka yangu, mtaani wanamwita Gia, ana gari lenye tabo, kile kifaa cha kuipa injini nguvu zaidi, na halijawahi kuona geti la hospitali.

Sasa nikaitwa kujaribiwa kiwanda cha kushona sare. Kazi ya kudumu, ya kwanza maishani mwangu. Siku yenyewe ikaangukia siku ya kliniki.

Nikampigia. "Kaka, mpeleke mama leo tu. Sitakusumbua tena."

"Gari limeua tabo, mdogo wangu. Halisogei kabisa. Lingekuwa zima ningekukatalia?"

Nikamwamini. Nikamwomba fundi mkuu wa kiwanda anisogeze mpaka mchana, akakubali. Nikampeleka mama kwa teksi, tukamaliza, nikamrudisha kitandani.

"Mama, nakimbilia kiwandani. Wamesema wananisubiri."

"Nenda, mwanangu. Mungu akutangulie," akanijibu. "Ila nisogezee simu hapa karibu."

Nikamsogezea. Tena nikamwekea na maji ya kunywa.

Kiwanda si mbali, nikakata vichochoro kwa miguu, njia nzima nacheka peke yangu kwa furaha. Kufika getini ndiyo nikalikuta lile gari.

Kwa wasiojua: gari la tabo likikimbizwa sana halizimwi papo hapo. Tabo inakuwa ya moto mno, ukizima ghafla oili inaungua ndani yake na yenyewe inakufa. Unaliacha lingurume taratibu mpaka lipoe. Gia alifunga kifaa kinacholizima lenyewe baada ya muda, yeye akiwa ameshaondoka na ufunguo wake. Alivyotutambia na hicho kifaa, ungedhani amekibuni yeye.

Kwa hiyo nilijua ninachokiona. Gari limetoka kukimbizwa sasa hivi, na dereva alikuwa na haraka kuliko injini yake.

Nikagusa boneti. Nikatoa mkono mbio.

Maiti gani ya moto namna hii?

Gari likajizima mbele yangu. Wakati huohuo Gia akatoka mlango wa ofisi, anajifuta jasho.

"Kaka, unafanya nini hapa?"

"Nilikuwa napita tu."

"Na gari lililokufa?"

"Limepona," akasema.

Sikuwa na hamu ya utani. Nikampita, nikaingia ndani. Fundi mkuu, mama mmoja mwenye futi ya kupimia nguo shingoni, akanitazama kwa huruma.

"Pole na mgonjwa, dada. Kaka yako ametueleza kwamba umeamua kubaki kumuuguza. Nafasi tumempa aliyefuata."

"Sijaamua hivyo, mama. Niko hapa. Nipe kitambaa chochote nishone."

"Nakuona. Lakini mimi nataka mtu atakayekuja kila siku, na kwenu naona bado hamjaelewana."

Nikatoka nje, nikamfuata Gia penye gari.

"Kaka, nimekukosea nini? Mimi nikipata kazi wewe unapungukiwa na nini?"

"Usinilaumu peke yangu," akasema. Akabonyeza simu yake, akanishikisha ikiwa inaita.

Ikapokelewa haraka.

"Umemuwahi, Gia?"

Ilikuwa sauti ya mama.

"Gia? Umewaambia? Maana akiipata hiyo kazi, mimi nani atanipeleka kliniki? Wewe si ulisema gari la tabo halitaki kuzoeshwa foleni? Akikuuliza, shikilia palepale, gari limekufa."

"Ni mimi, mama."

Akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, umekula?"

Nililia pale getini, mlinzi ananiangalia. Gia ningeweza kumsamehe, namjua tangu utotoni kwamba anajipenda. Mama ndiye aliyenichoma. Aliniombea dua nikiwa mlangoni, na nilipofika tu barabarani akampigia wa kuniwahi.

Funzo nililopata ni hili. Ukiambiwa gari limekufa, kashike boneti kwanza. Na anayekuhitaji si lazima akutakie mema. Wapo wanaokupenda sana, ilimradi usisogee hapo ulipo.

Kliniki bado nampeleka, ni mama yangu. Ila siku hizi nikiitwa kujaribiwa kazi mahali, namwambia naenda sokoni.