Mtumbwi Nilioupeleka Kang'ata

Acheni niseme mwenyewe, maana wakisema watu wa Kang'ata mtanichukia zaidi.

Enzi za Mwingereza nilihamishiwa boma la Handeni, karani mgeni wa siku tano. Kwetu Korogwe, masika ikichachamaa mto huingia ndani, ukabeba mahindi, mbuzi, hata milango. Balaa nililolijua ni hilo tu, na jana yake mvua ilikuwa imenyesha kidogo pale bomani.

Akaja mzee kutoka Kang'ata, vumbi mpaka magotini. Nikamwamkia.

"Marahaba. Tunakufa kwa maji, karani. Ng'ombe wamekwisha, sasa ni watoto."

Swali moja tu lingetosha! Lakini karani mwenye kalamu sikioni haulizi. Nikaandika: mafuriko. Mzee akanywa vikombe vitatu mtungini mwetu, kisha akaomba kujaza kibuyu chake. Nikacheka kimoyomoyo: mtu anayakimbia maji, huku anayabeba!

Bwana Shauri, Mwingereza mkuu wa boma letu, akaniamini, akatia sahihi. Nikaagiza mtumbwi na kamba kwetu Korogwe, nikavipeleka mwenyewe kwa lori.

Kang'ata nilikuta watu wamejipanga barabarani na madebe, midomo imepasuka. Yule mzee aliutazama mtumbwi, akanitazama mimi, akainamisha kichwa.

Bibi mmoja akapanda lori kwa shida, akaingiza mkono ndani ya mtumbwi, akapapasa mpaka mwisho wake.

"Mwanangu," akaniuliza, "yamemwagikia njiani?"