Tuzo, Mita na Ila ya Bibi Mwanahawa

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa sururu na mtaro. Ilikuwa Ubena, kando ya barabara kuu, tukilaza bomba la maji kwenda kijijini. Fundi Mkuu, mtu mfupi mwenye sauti kama honi ya lori, aliniuliza cheti. Nikamwambia niliishia darasa la tatu. Akatazama mikono yangu, akasema, "Cheti kingekusaidia kujipepea tu hapa. Chimba." Nikachimba. Jioni alinipa spana nimshikie, na sikuirudisha mpaka nilipokuwa fundi.

Nayasema haya mapema ili ninyi vijana mnaoingia kazini na vishikwambi mjue anayezungumza ni nani. Sikubebwa na mtu. Valvu, ile koki kubwa inayofungulia au kuzuia maji ya mtaa mzima, nilijifunza kwa kuifunga na kuifungua. Bomba lililopasuka niliunga nikiwa kwenye tope hadi kiunoni. Magoti yalipogoma, Mhandisi wa Wilaya akanihamishia kwenye kusoma mita, Makurunge kwanza, kisha Zinga. Alidhani ananipumzisha.

Msoma mita hufungua kifuniko, akaandika tarakimu, akaondoka. Wenzangu ndivyo walivyofanya. Mimi ni mtu wa Pwani, siingii uani kwa watu nikatoka kama mwizi. Nilibisha hodi, nikasalimia, nikakaa barazani. Nikiuliza maji yakoje, kila nyumba jibu moja: "Mazuri tu, tunashukuru." Hilo si jibu, hiyo ni adabu. Nani atamlalamikia mgeni ambaye hajakaa hata kitako? Unauliza wajukuu, unauliza shamba, unanyamaza kidogo. Ndipo mwenyeji anavuta pumzi na kusema, "Ila bwana..." Hapo sasa. Bomba linavuja nyuma ya choo. Maji yanakuja watu wamelala. Nikitoka nampigia fundi simu, naenda nyumba ya pili.

Meneja mpya alipoletwa Bagamoyo, mama kijana kutoka bara, msomi, mwendo wa haraka, ofisi yetu ya maji ilikuwa imeshashindania tuzo ya ubora ya taasisi za umma zaidi ya mara moja na kurudi mikono mitupu. Kwa asiyeijua, tuzo ile hutazama ofisi ya serikali inavyomhudumia mwananchi: anangoja kiasi gani, kero yake inaishia wapi, na wakubwa wanajirekebishaje. Sisi tulipeleka madodoso, yale maswali wanayoulizwa wateja, yamejaa "nzuri" toka juu mpaka chini. Na mimi tuzo ile niliitaka jamani. Nilikaribia kustaafu. Nilitaka kikombe kikae mapokezi, wajukuu waje niwaonyeshe kwa kidole.

Siku moja Meneja akaniita. Nikajua ndiyo naondolewa, maana njia yangu, yaani zile nyumba ninazozisomea mita, ndiyo iliyokuwa ikichelewa kumalizika kila mwezi.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, Meneja."

"Wenzako wanamaliza kusoma mita, wewe bado uko kwenye kahawa za watu."

"Chai. Kahawa inaninyima usingizi."

Hakucheka. Akanigeuzia kompyuta yake. "Basi nieleze. Kwa nini njia yako ndiyo inayopoteza maji kidogo kuliko zote?"

Kumbe walikuwa wakilinganisha maji yanayotoka tangini na yale yanayofika kwenye mita za wateja; yanayopungua hapo katikati ndiyo yaliyovuja au kuibwa. Mimi hilo sikulijua kabisa. Nikamweleza habari za baraza na ila. Akasema, "Mzee Kibwana, madodoso yetu yote yameishia kwenye salamu."

Kuanzia hapo ofisi iliwaka. Akatundika ubao mapokezi, kila msoma mita aandike ila alizoleta, na ila haifutwi mpaka mteja mwenyewe aseme imekwisha. Mafundi waliokuwa wakisinzia wakaanza kugombea kufuta. Fundi mmoja akimaliza kazi alimpigia mteja papo hapo, "Mama, sema imekwisha nisikie, wenzangu wananicheka." Mimi nilikuwa naamka kama mtoto siku ya Idi.

Watathmini wa tuzo wakaja. Mkuu wao, mtu mzima wa Tanga, akakataa kupelekwa. Nyumba alitaka kuchagua mwenyewe. Tulipofika Zinga akachagua kwa Bibi Mwanahawa, mjane mkulima wa mihogo, ambaye ulimi wake naujua. Tukakaribishwa mkekani. Mtathmini kijana akauliza huduma ya maji ikoje.

"Nzuri tu, baba, tunashukuru."

Kijana akaandika, akaanza kuvaa viatu. Mkubwa wake hakusogea. Akauliza mihogo. Akauliza nguruwe wanaofukua mihogo. Akanyamaza. Bibi akajiweka sawa.

"Ila," akasema, nami nikashika ukingo wa baraza, "huyu nasikia mnamstaafisha. Kuna siku aliumwa, akaja mwenzake. Ananiuliza ila akiwa amesimama mlangoni, mguu mmoja nje. Nikamwambia sina. Nikakaa na bomba linavuja mpaka huyu alipopona. Sasa akiondoka nitamwambia nani?"

Kichwa kilinivimba. Nilijua kikombe tumekipata. Mkuu wa watathmini aliandika, akageuza ukurasa, akaandika tena.

Tulikuwa wa pili. Ripoti ilisema utaratibu wetu ni mzuri lakini umebebwa na mtu mmoja. Nikaenda kwa Meneja bila hodi.

"Yaani nimenyimwa kikombe kwa kufanya kazi vizuri?"

"Umenyimwa kwa kuifanya peke yako, mzee wangu. Na mimi nimenyimwa kwa kukuacha."

Nilinuna hadi mwisho wa wiki. Jumatatu nikaanza kutembea na wasoma mita, mmoja mmoja. Mgumu kuliko wote alikuwa Tatu, binti mwepesi kama cherehani.

"Kaa," namwambia.

"Mzee, nyumba bado nyingi."

"Kaa, Tatu."

Nikastaafu hivyo hivyo, mikono mitupu. Mashindano yaliyofuata wakashinda. Nilivaa kanzu nikaenda kukitazama kikombe, na mlinzi mgeni pale mlangoni akaniuliza nina shida gani. Nikamjibu sina, nimekuja kuangalia kitu changu.

Watu huniuliza kama iliniuma kupitwa na wale niliowafundisha. Mwezi uliopita Tatu alibisha hodi kwangu. Akasoma mita, akafunika kifuniko.

"Shikamoo, mzee. Maji yakoje?"

"Mazuri tu, tunashukuru."

Lilitoka lenyewe, adabu ya miaka yote. Nikangoja aende zake. Tatu akavua viatu, akakaa, akaniuliza magoti. Akauliza wajukuu. Kisha akanyamaza, anatazama kuku wangu kana kwamba hana nyumba nyingine ya kwenda.

Nikavuta pumzi.

"Ila, mwanangu," nikasema, "hapa nyuma ya choo..."