Mgeni Aliyembeba Gentrix

Wueh, hii sitaisahau. Jua la saa nane mchana, mwanaume nisiyemjua aliingia kwangu bila hodi, akaenda moja kwa moja hadi kitandani, akambeba mtoto wangu.

Hapo ni Khayega, mwaka wa tisini na sita. Gentrix alikuwa mchanga, ndiyo maana nilibaki bwanangu Andati alipoenda kwao Khwisero kumzika baba yake.

Huyu mtu alikuwa na kipara kinang'aa. Hana hata unywele kidevuni. Andati wangu alikuwa na ndevu hadi kifuani!

"Wewe nani?"

Akacheka. Sauti imekauka kama ya jogoo mgonjwa. "Wacha mchezo, mama Gentrix. Niletee chai."

Amejua jina la mtoto!

"Weka mtoto chini!"

Panga ya miwa ilikuwa nyuma ya mlango. Nikaishika. Akarudi nyuma hadi ukutani, Gentrix analia kifuani pake.

"Ni mimi!"

"Nitakukata, haki ya Mungu!"

Nikaiinua. Mkono ukadakwa kwa nyuma. Nilimjua kwa sauti, jirani yangu Selpher.

"Mayi, mama yangu! Unataka kuua bwanako?"

Panga ikaanguka. Nikamtazama yule mtu vizuri. Bado sikumjua.

Kumbe wafiwa wote walikuwa wamenyolewa baada ya mazishi, desturi yetu, nywele na ndevu zote. Sauti aliimalizia matangani kwa kulia.

Mama mkwe akasema nimerogwa, ninyang'anywe mtoto kabla sijamkata. Hapo ndipo niliogopa kabisa. Nilimfunga Gentrix kifuani kwa leso, sikumwachia mtu.

Andati akanipeleka kwa daktari Kakamega mjini. Daktari akanionyesha picha ndogo.

"Unamjua huyu?"

"Hapana. Lakini anakaa mkali."

"Mama, hii ni picha ya kitambulisho chako."

Nililia. Maisha yangu yote nawajuanga watu kwa nywele, ndevu na sauti, nikidhani kila mtu hufanya hivyo!

"Hujarogwa, na huna wazimu," akasema. "Ubongo wa kila mtu una namna yake. Wako haushiki sura."

Mtoto nikabaki naye.

Ndevu za Andati sasa ni nyeupe. Lakini mpaka leo akifika mlangoni hupaza sauti, "Hodi, ni Andati!" Majirani humcheka, ati anabisha hodi kwake mwenyewe. Mimi moyo hutulia.

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Kabla hujamwita mwenzako mwendawazimu, muulize kwanza yeye anaona nini.