Cheo Changu kwenye Kadi ya Mama

Leseni yangu ya uuguzi ina muda wa kuisha, ukifika, naihuisha. Maneno ya mama hayana muda wa kuisha. Leseni inasema mimi ni muuguzi na mkunga wa ngazi ya cheti. Mama anasema mimi ni daktari, na kule kwetu, nje kidogo ya Usagara, hakuna mtu aliyewahi kuisoma hiyo leseni.

Kwa asiyejua mambo yetu, cheti ndiyo ngazi ya chini ya uuguzi. Juu yetu wako wa stashahada, juu yao wa shahada, halafu kuna madaktari, ambao wana ngazi zao nyingine kabisa. Kazini mtu unamtambua kwa kinachomwangukia. Matapishi yakimwagika kwenye korido, wenye shahada wote hukumbuka kwamba wana ripoti ya kuandika. Nimefanya kazi hii miaka kumi na tisa katika kituo cha afya upande wa Kirumba, ambako upepo wa ziwani hutuletea harufu ya dagaa wa soko la Mwaloni mpaka chumba cha sindano. Kwenye kadi za wagonjwa kuna mstari wa chini unaotaka jina, saini na cheo. Jina naliandika vizuri, saini naiweka vizuri. Cheo nakichora kwa haraka, mchirizi mmoja unaoweza kuwa neno lolote.

Mama sikuwahi kumsahihisha. Siku nilipohitimu alitangaza kanisani kwamba nimekuwa daktari, watu wakapiga makofi, na mimi nilikuwa na njaa na viatu vilikuwa vinanibana, nikaona nitarekebisha baadaye. Baadaye haikufika. Nikienda nyumbani, watu wazima niliowaamkia shikamoo walinijibu, "Marahaba daktari," nami nikapita. Nisiseme uongo, ilikuwa tamu. Mtu aliyeshinda wiki nzima akiitwa "we nesi" na watu waliochoka kusubiri hawezi kukasirika akiitwa daktari na majirani zake.

Kisha mama akapatikana na presha. Siku tuliyomgundua ilikuwa juu sana, mpaka nikaipima mara tatu nikidhani mashine imechoka. Daktari wa kituo chetu alimwandikia vidonge, kimoja kila siku, na kila mwezi nikawa nampelekea mwenyewe. Nilimwachia na mashine yangu ya zamani ya kupimia, ile ya kubonyeza kitufe, nikamfundisha kuitumia. Mwezi wa kwanza presha haikushuka. Wa pili haikushuka. Daktari akaongeza nguvu ya dawa, baadaye akaongeza na kidonge cha pili, na presha ikakaa palepale. Nikashuku chumvi, nikampiga marufuku samaki wakavu. Nikashuku mawazo, nikamkataza kusikiliza habari za ndugu fulani. Nilishuku mpaka mganga wa kienyeji aliyehamia jirani. Mama mwenyewe sikumshuku hata siku moja. Usiku nilikuwa nahesabu umri wake na kuogopa simu, kwa sababu wodini nimewahudumia waliopooza upande mmoja kwa presha ndogo kuliko yake, na najua unavyomlisha mtu mzima uji kwa kijiko huku ukimfuta kidevu.

Jumamosi moja mwenzangu aliomba tubadilishane zamu, nikajikuta sina kazi, nikaenda nyumbani bila kuaga. Nilifika saa nne asubuhi. Nikakuta wanawake watano wamekaa kwenye benchi la jikoni, lililotolewa nje na kuegemezwa ukutani, na wote wakanisalimu mwangaluka kwa heshima ya watu walio kwenye foleni. Mbele yao mama alikuwa amevaa sweta langu la kazi la zamani. Alikuwa amemfunga jirani yetu mjane mkanda wa presha, na jirani naye alikuwa amevaa sweta zito la baridi. Mama hakumvua. Alikuwa anapima presha ya sweta.

Namba zikatokea. Mama akazisoma kwa sauti, moja moja, akatikisa kichwa, akafungua kopo la maziwa ya unga alimohifadhi dawa zake, akatoa kidonge kimoja na kumwekea mjane kiganjani. "Meza na maji mengi," akasema. "Daktari hataki umeze na chai." Hilo la chai nililisema mimi, miaka iliyopita, kuhusu dawa nyingine kabisa.

Nikauliza kinachoendelea, na nikaelezwa bila wasiwasi wowote. Kliniki ilikuwa kila Jumamosi. Mwenye namba kubwa alipata kidonge, mwenye namba ndogo alipata ushauri. Mama naye alimeza chake siku za Jumamosi, na siku nyingine akijisikia vibaya, kwa sababu angekula peke yake kila siku wenzake wangepata nini? Mjane akaongeza kwamba dawa zangu ni kali sana. Ameshaanguka mara mbili akienda kisimani. Alilisema kama sifa.

Mimi nina hasira za karibu, na siku hiyo hazikuwa mbali hata kidogo. Hasira yote ya miezi ile, samaki niliowapiga marufuku, yule ndugu niliyemsingizia, vilipanda kwa pamoja. Nikachukua kopo. Nikawaambia hizo dawa ni za mtu mmoja tu, kwamba wasiokuwa na presha zinawaangusha na mwenye presha anaikosa tiba yake. Mama akasema kwa utulivu kwamba zimeletwa na daktari na zinatolewa nyumbani kwa daktari. Ndipo nikasema maneno niliyoyaahirisha miaka kumi na tisa.

"Mimi si daktari. Ni nesi, nesi wa cheti."

Mama akawageukia wenzake. "Anajishusha," akasema. "Ndivyo nilivyomlea."

Wote wakatikisa vichwa kukubali malezi. Nikarudia. Nikaeleza ngazi zote, kutoka chini kwenda juu, nikionyesha kwa mkono nilipo mimi. Mwanamke wa mwisho kwenye benchi, mama mmoja mpole ambaye hata sauti yake ni ya chini, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza. "Sasa mwanangu, kama wewe si daktari, unatukataza kwa cheo gani?"

Nilikaa chini. Kama ni daktari, dawa zangu ni nzuri na zigawiwe. Kama si daktari, marufuku yangu haina uzito na dawa zigawiwe. Nikamtazama mama ndani ya sweta langu, nikamwona alivyovimba miguu, nikaogopa kuliko nilivyokasirika. Nikamwambia Jumatatu anakuja kituoni, naye mjane aje, na dawa abebe. Mama alikubali upesi. Nadhani alitaka kuniona nikitawala.

Jumatatu waliketi kwenye benchi la mapokezi tangu saa moja asubuhi, mama akiwa na kilemba chake cha kanisani. Niliwaambia wasubiri foleni kama watu wengine, nikaendelea na kazi, na mama akaanza kutazama. Aliniona nikipima uzito, nikichoma sindano, nikibadilisha shuka lenye damu, nikimshika mwanamke aliyezirai na kupiga deki alipozirai. Aliona baba mmoja mwenye haraka akininyooshea kidole na kuniambia sisi manesi ndio tunaochelewesha watu. Kisha akafika daktari wetu mpya, kijana wa umri wa kuwa mtoto wangu, asiye na ubaya wowote, ila ana kawaida ya kuita bila kuinua macho. "Nesi, glavu." Nikapeleka glavu. "Nesi, hii meza." Nikafuta meza. Nilipopita karibu na benchi sikumtazama mama. Nilihisi aibu, na nilichukia kuihisi, maana hakuna nilichokuwa nimeiba.

Zamu ya mama ilipofika, mimi ndiye niliyempima, mkono ukiwa wazi. Namba zilikuwa zilezile za kutisha. Daktari hakujua kwamba huyo ni mama yangu, na mimi sikusema. Akasoma kadi, akaona dawa mbili zimeshindwa, akaanza kuandika ya tatu.

"Dawa unameza kila siku, mama?"

Mama akanitazama. Nilijua anachopima. Akijibu ndiyo, heshima yangu inabaki nzima, na anaondoka na kidonge cha tatu cha kugawia benchi. Akijibu hapana, atalazimika kueleza aliyemletea, aliyemwamini, na kliniki ya Jumamosi, mbele ya kijana anayeniagiza glavu. Nilifungua mdomo nimsaidie, sijui kwa lipi. Akaniwahi.

"Simezi," akasema. "Nilikuwa nagawia wenzangu. Mwenzangu mmoja yuko hapo nje, zimemwangusha, umwangalie na yeye. Huyu hakujua." Akanigusa mkono. "Huyu ndiye nesi wangu. Yeye aliniambia vizuri, mimi ndiye niliyejifanya daktari."

Daktari akainua macho, labda kwa mara ya kwanza siku hiyo. Akaifuta dawa ya tatu. Akasema basi tuanze upya na zile mbili, zimezwe kila siku, na wiki sita zikipita nesi ampime. Mjane alipimwa bila sweta na akakutwa hana presha wala hajawahi kuwa nayo. Habari hiyo ilimsikitisha kidogo. Mimi niliingia stoo ya shuka nikalia, kisha nikatoka na shuka mbili ili isionekane nilikwenda bure.

Kliniki ya Usagara haijafungwa. Mama hakuzaliwa wa kufungiwa. Bado anapima kila Jumamosi, ila sasa watu wanavua sweta, na mwenye namba kubwa hapewi kidonge, anaelekezwa kituoni kwetu. Wanafika na kumpita daktari mlangoni. Akiwaambia kwamba daktari ni yeye, wanamshukuru na kumwambia wametumwa waanze kwa nesi.

Wiki sita zilipopita mama alikuja na kopo lake. Nilihesabu vidonge, vilikuwa vimepungua vinavyotakiwa, hakikuzidi hata kimoja. Nikamfunga mkanda. Mia thelathini na nane, chini themanini na sita. Nikapima tena, kisha tena, na mashine haikuwa imechoka. Nikaandika namba kwenye kadi, nikaandika jina, nikasaini, nikapitisha mchirizi wangu wa kawaida na kumkabidhi.

Mama hajui kusoma sana, lakini kadi yake anaijua. Akaisogeza karibu na macho, akaweka kidole kwenye mchirizi.

"Hapa umeandika nini?"

Nikamwambia ni mahali pa cheo.

"Basi andika paonekane."

Nikamuuliza aandikiwe cheo gani.

"Hichohicho ulicho nacho," akasema, akanirudishia kalamu.