Dripu ya Matumbawe

Leo nimeombewa uponyaji kwa ajili ya dripu ambayo haikuwa yangu.

Nimeshapakwa mafuta ya wagonjwa, kwa hiyo naungama hapa hapa.

Nyuma ya pazia, kando ya kitanda changu hapa Mwisenge, kuna tangi la maji ya chumvi lenye matumbawe na samaki wangu. Matumbawe huhitaji maji ya chokaa, tone kwa tone. Yakiingia kwa wingi, samaki wanakufa. Wafugaji wenzangu huyamimina kwanza kwenye tangi la pili, chini. Mimi sina, ndiyo maana nilitundika chupa ya dripu kabla sijaugua. Mrija unapita juu ya mto wangu kuelekea tangini.

Wanajumuiya na katekista walipoingia na supu ya sato, wakadhani natundikiwa mimi.

Nikapokea bakuli. Supu ilikuwa ya moto.

Katikati ya sala, shemeji yangu Nyamburi akafumbua jicho moja.

"Mbona inatiririka kivivu hivi? Mimi nilipolazwa Bunda ilikuwaga inakimbia."

Akaifungulia yote.

Mimi, ambaye jana niligeuzwa kitandani na watu wawili, nikaruka, nikaubana mrija, nikajikuta nimesimama.

"Shemeji, si umesimama," akasema Nyamburi.

Katekista akaanzisha wimbo.

Samaki wako salama, maji yamepauka kidogo tu. Shida ni Jumapili: nimepangiwa kutoa ushuhuda kanisani.

Nishaurini, ndugu zangu. Nianze na chokaa, au na supu?