Kitambaa cha Modemu

Flaviana alipenda usafi kupita kiasi, na vumbi la Dodoma lilimtesa kweli kweli. Mwaka 1996, shirika la mbegu pale Makole lilipompa kompyuta na modemu, kile kisanduku cha kuiunganisha na waya wa simu, mama yake alimletea kutoka Kibakwe kitambaa cheupe cha kufuma.

"Funika mali ya watu, mwanangu."

Akafunika.

Kila mchana, watu wakienda kula na simu ikibaki bila mtu, kompyuta ya Cornel, mwenzake wa ofisi ya Mpwapwa, ilipiga simu yenyewe, ya Makole ikapokea yenyewe, na faili la mahitaji ya wakulima lilitakiwa kupita bila mtu kugusa kitu. Lakini lilikatikia njiani. Flaviana akikaa kuchungulia, linafika lote. Akiondoka, linakatika.

"Mashine yako inadeka, dada," Cornel alimtania kwenye simu.

Flaviana hakucheka. Mzee Nikolaus, mkuu wa ofisi, alishasema: lisipofika Ijumaa, taarifa zitarudi kupandishwa basi, na yeye atarudi mapokezi. Mapokezi! Baada ya kozi ya Dar es Salaam, na cheti kimetundikwa sebuleni kwa mama! Alibadili waya, akabadili soketi, mwisho akaiombea.

Ijumaa alifunika, akafunga mlango, akaenda kula. Hajamaliza sahani, upepo ukavuma, akakumbuka dirisha. Akarudi mbio. Faili lilikuwa limeshakatika, na kitambaa kimekuwa chekundu kwa vumbi. Alipokinyanyua akikung'ute, mkono ukagusa modemu, akauondoa upesi. Ilikuwa ya moto kama sufuria ya ugali.

Akaduwaa. Kumbe kila alipokaa kuitazama alikuwa ameifunua, na kila alipotoka alikuwa ameivisha blanketi kwenye jua la saa saba!

Alingoja ipoe, akampigia Cornel. "Kaka, tuma tena. Mimi natoka."

"Unatoka tena?"

"Natoka!"

Alikaa kibarazani, hamu ya kula imemwisha kabisa. Aliporudi, faili lilikuwa limefika lote, hadi mstari wa mwisho. Alijitupa kitini akacheka mpaka machozi yakamtoka. Hakuna mapokezi, hakuna basi.

Kitambaa alikifua, akakikunja, akakitandika chini ya modemu. Mama alipouliza kama kinafaa, alimjibu kwa furaha kwamba kinafaa sana. Hakusema kimekaa upande gani.