Siku Niliyomficha Daktari wa Ubongo Mkono Wangu

Kusema kweli hii stori nimeikalia kwa sababu inaniaibisha.

Niko na kifafa, na daktari hapa Machakos alikuwa anataka nipasuliwe kichwa upande wa kulia, lakini kwanza nipigwe picha ya ubongo nikifikiria maneno, aone lugha yangu imekaa upande gani, maana kwa watu wengi, hasa wa mkono wa kulia, imeegemea kushoto, na akikata mahali imekaa unaweza kuamka huongei. Nikapewa fomu. Unatumia mkono gani? Mama mkwe wangu, tuliyetoka naye Muthetheni asubuhi, alikuwa amekaa kando yangu akisoma kila neno, na huyo ukimpa kikombe kwa kushoto hapokei (kwake hiyo ni dharau, hakuna mjadala), kwa hivyo miaka sita nimekata mboga ya sukuma kwa kushoto nikiwa peke yangu tu, nikisikia viatu vyake nahamisha kisu. Nikaandika: kulia. Nikaona ni kitu kidogo.

Wakanivua pete na hereni, wakanilaza, kichwa kikabanwa, mashine ikaanza kugonga kama fundi wa mabati. Sauti ya daktari ikatoka kwenye spika. "Nduku, fikiria vitu vya sokoni. Kimoyomoyo. Usiongee, usitikisike."

Nikafikiria maembe, ndengu, mbaazi. Halafu nikafikiria kisu cha daktari, na je, kama lugha yangu imekaa huko kulia anakotaka kukata, kwa vile mimi ni wa kushoto? Nikaanza kuomba kwa sauti, "Ngai wangu nisamehe, nimedanganya, mimi ni wa kushoto, nimemficha mama miaka hii yote," nikilia kichwa kikitikisika (nilisahau kabisa kwamba na wao wananisikia).

Mashine ikanyamaza. Kutoka, nikakuta kwenye chumba cha kompyuta daktari, wauguzi wawili na mama mkwe, aliyeitwa anishikie pete na hereni. Alikuwa amesikia yote.

Daktari akanionyesha picha za kwanza, kabla sijaharibu kazi. Rangi ilikuwa imewaka pande zote mbili, kulia zaidi.

"Nilidhani ni kosa la mashine, kwa sababu uliandika kulia," akasema polepole. "Ningekata hapa."

Nikakaa chini sakafuni, ile gauni ya hospitali imefunguka nyuma yote, watu wakiangalia ukuta. Mama mkwe akafungua leso yake kiunoni akanifunika.

"Ulikuwa tayari kuwa bubu," akaniuliza, "kwa kuniogopa mimi?"

Picha zilirudiwa, upasuaji ukasimamishwa, nakunywa dawa nikingoja waamue. Daktari sitamdanganya tena hata kitu kidogo, na sukuma sasa nakata kwa kushoto mama akiwa amekaa hapo hapo jikoni. Lakini swali lake sijalijibu mpaka leo, kwa sababu jibu ni ndiyo.